Leza ya dayodi inakatika katikati ya kazi, COM5 ipo lakini haijibu: nianzie wapi?

plaiwudi_3mm

Habari wakuu. Nina mashine ya leza ya dayodi, wati 10 za mwanga, bodi ya GRBL, yaani programu ya ndani inayoendesha mota na leza (ikiwaka inaandika Grbl 1.1f). Naiendesha kwa programu ya LaserGRBL kwenye laptopu ya Windows 11, baudi (kasi ya mawasiliano) 115200. Chipu ya USB ni CH340 na kwenye Windows inaonekana kama poti COM5.

Matatizo ni mawili, na sijui kama ni ya baba mmoja. La kwanza, nikikata plaiwudi ya milimita 3 kazi inaanza vizuri, halafu dakika ya tano au ya ishirini kichwa kinasimama. Nikiunganisha upya mara inakubali, mara inaniambia COM5 imekataliwa. La pili, nikichora picha ya kijivu kwa 6000 mm/min kichwa kinapata kigugumizi, na kila kinapokwama kinaacha nukta nyeusi. Kwenye kukata kigugumizi hakuna.

Draiva nimeweka upya mara tatu, namba ya COM nimebadilisha, LightBurn ya majaribio nimeijaribu. Yale yale. Kebo ya USB ni ya mita 3. Mashine, pampu ya hewa na chaja ya laptopu vyote vipo kwenye ekstensheni moja.

nukta_sifuri

Mkuu, draiva iache kwanza. Draiva mbovu haikai dakika ishirini ikifanya kazi halafu ikachoka. Ukiona COM5 na ukapata ile salamu ya "Grbl 1.1f", draiva imeshamaliza kazi yake.

Unachotakiwa kujua ni nani aliyekufa pale kichwa kinaposimama: bodi, USB, au mazungumzo kati yao. Kila mmoja anakufa kwa namna yake, na dalili zinaonekana ukiangalia kabla ya kubonyeza chochote. Fungua Device Manager pembeni, sehemu ya "Ports (COM & LPT)", washa spika za laptopu, anza kazi, na usiondoe macho kwenye konsoli ya LaserGRBL.

Kama COM5 inabaki mahali pake, lakini katikati ya kazi konsoli inaandika tena "Grbl 1.1f ['$' for help]", bodi imejizima na kujiwasha. Salamu hiyo hutoka bodi inapoanza upya tu. Hapo mtuhumiwa ni umeme: volti zimeshuka, au mshtuko umeingia kwenye waya wa kuanzisha upya.

Kama Windows inatoa ule mlio wa kuchomoa kifaa na COM5 inatoweka, kisha inarudi, USB yenyewe imekatika. Tafuta kwenye kebo, soketi ya USB au Windows kuzima poti ya USB ili kutunza betri. Ukikataliwa COM5 baada ya hapo usishangae: programu bado imeshikilia poti ya zamani ambayo haipo tena. Funga programu kabisa, chomoa kebo, hesabu sekunde kumi, chomeka, fungua. Kukataliwa kunatokea pia programu nyingine ikiwa imekalia poti, kwa mfano konsoli ya Arduino iliyosahaulika wazi, au programu ya printa ya 3D inayochungulia kila poti ya COM. Poti haina wake wenza, ni programu moja kwa wakati mmoja.

Ya tatu ndiyo inayowachanganya watu: COM5 ipo, salamu haipo, mlio haupo, kimya tu. Hapo baiti imepotea njiani. GRBL hujibu "ok" kwa kila mstari, na programu inahesabu hizo "ok" ili ijue nafasi iliyobaki kwenye bafa (ghala dogo la muda la bodi) ya baiti 128. "ok" moja ikipotea, programu inadhani bafa imejaa na inasubiri. Bodi nayo imemaliza kazi zake na inasubiri. Wanatazamana. Ukiona error:1 au error:2 zimejitokeza kwenye faili ambalo jana lilikata bila shida, ni ugonjwa huohuo: herufi imeharibika njiani, na itifaki ya GRBL haina namba ya kuhakiki mstari.

Leta majibu, ni ipi kati ya hizo tatu.

ethi_kwanza

Wakati anasubiri kazi ianguke, tuangalie hiyo ekstensheni, maana nimeshaishuku.

Kwanza kebo. Mita 3 ni ndefu kwa mashine hii. Kwa viwango vya USB mita 3 inaruhusiwa, lakini viwango havikupigwa karibu na mota za hatua na pampu. Weka kebo ya mita 1 hadi 1.5, nene, yenye wavu wa chuma ndani, na ikiwezekana yenye kipete cha feraiti kwenye ncha (kile kivimbe cheusi). Kipete cha kubana kinauzwa peke yake. Kiweke upande wa mashine, uizungushe kebo ipite ndani yake mara mbili au tatu. Usiilaze kebo sambamba na waya wa umeme wa pampu. Kama lazima zikutane, zikatane kwa pembe mraba. Habu ya USB isiyo na umeme wake iondoe. (Kwa msomaji mwingine: kama poti haionekani kabisa, angalia kwanza kama kebo yako si ya kuchaji tu. Zile zina nyaya mbili za umeme na hazina nyaya mbili za data. Draiva yoyote haitakusaidia hapo.)

Pampu. Pampu nyingi za hewa za mashine hizi ni za sumaku-umeme na utando wa mpira. Ikizimwa, koili yake inarusha mshtuko wa volti kwenye waya, na vyote vilivyo kwenye ekstensheni hiyo vinaupata. Jaribio ni rahisi. Toa moduli ya leza kwenye plagi yake, au weka nguvu S0, endesha faili la mwendo tu, halafu washa na kuzima pampu mara ishirini. Bodi ikianza upya hata mara moja, umempata. Hamishia pampu kwenye soketi nyingine ya ukutani, siyo tundu jingine la ekstensheni ileile. Friji na kompresa ndogo zinafanya hivyohivyo, kwa hiyo hata "dakika ya tano au ya ishirini" inaweza kuwa ratiba ya friji la chumba cha jirani.

Ethi (waya wa ardhini). Soketi zetu nyingi ni za pini tatu bapa, lakini adapta ya mashine mara nyingi inakuja na pini mbili za duara, na mtu anaitia kwenye kibadilishi cha bei poa kisichopitisha ethi. Au ekstensheni yenyewe ina tundu la pini ya tatu lakini ndani waya ni mbili. Pima kwa multimita: zima swichi ya ukutani, chomoa ekstensheni, weka mita kwenye omu, ncha moja kwenye pini ndefu ya plagi na nyingine kwenye tundu la juu la ekstensheni. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikisoma OL, hakuna ethi humo, ni pambo.

Ukigusa fremu ya mashine na mgongo wa mkono ukahisi kama mchwa wanatembea, hiyo ni umeme mdogo unaovuja kupitia kapasita za kichujio ndani ya adapta. Ethi ikikosekana, fremu inaelea takriban nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo, lakini njia pekee uliyonayo ya kurudi ni wavu wa kebo ya USB, kisha laptopu yako. Jaribio la dakika moja: chomoa chaja ya laptopu, endesha kazi kwa betri. Matatizo yakiisha, tatizo lipo kwenye njia ya ethi kati ya adapta hizo mbili.

Ikiwa ethi ya nyumba haitengenezeki leo, kuna kitenganishi cha USB, kijiboksi chenye chipu kama ADuM3160 au ADuM4160 kinachopitisha data bila kuunganisha nyaya moja kwa moja. Kinakwenda hadi megabiti 12 kwa sekunde, na CH340 haihitaji zaidi ya hapo. Ila usikitumie kama kisingizio cha kuacha ethi.

plaiwudi_3mm

Majibu, wakuu. Kazi imeanguka mara tatu tangu asubuhi. Mara mbili COM5 ilibaki na salamu ya Grbl ikajitokeza katikati:

`ok`
`ok`
`Grbl 1.1f ['$' for help]`

Mara moja COM5 ilitoweka kwa mlio. Kuwasha na kuzima pampu mara ishirini na moduli ikiwa imechomolewa: bodi ilianza upya mara nne, zote wakati wa kuzima. Ekstensheni imesoma OL.

Nimebaki na kigugumizi.

nukta_sifuri

Kwa hiyo ni umeme. Hamisha pampu, badilisha ekstensheni na kebo, kisha rudia lile jaribio la mara ishirini kabla ya kukata kitu cha maana.

Kwa ile mara moja ya mlio, ingia Device Manager, "Universal Serial Bus controllers", kila "USB Root Hub" ifungue, kichupo cha "Power Management", toa tiki kwenye ruhusa ya kompyuta kuzima kifaa ili kutunza umeme. Weka pia laptopu isilale ikiwa kwenye chaja. Skrini kuzimika haina neno. Kompyuta ikilala, kazi inakwisha.

Nyongeza ya draiva, maana kuna atakayekuja hapa nayo: kama poti ilikuwa inafunguka, halafu baada ya Windows kujisasisha ikawa inaonekana lakini haifunguki, nenda kwenye sifa za CH340, kichupo cha "Driver", ujaribu kuirudisha ya zamani. Matoleo ya 3.5 yamewasaidia wengi wenye chipu za kuiga.

Na jambo la hatari ambalo halijasemwa. Bodi ikianza upya, leza inazimika. Lakini USB ikikatika bila bodi kuanza upya, GRBL inamalizia mistari iliyo kwenye bafa, inasimama, na haijui kwamba hakuna anayekuja. Ukiwa umetumia M3, ambayo ni nguvu isiyobadilika, mwali unabaki umewaka mahali pamoja, juu ya plaiwudi. Ukitumia M4 (nguvu inayofuata kasi) pamoja na $32=1 (hali ya leza), mwali unazimika mwendo ukisimama. Andika $$ kwenye konsoli uhakikishe $32 ni 1. Kwenye LaserGRBL chagua M4 katika dirisha la kuandaa picha. Kwenye LightBurn kifaa kiwe "GRBL", siyo "GRBL-M3", na usiwashe nguvu isiyobadilika kwenye safu. Mashine yenye historia ya kukatika haiendeshwi kwa M3, na haiachwi peke yake hata ukienda kufungua geti.

mhimili_Y

Kigugumizi ni ugonjwa mwingine kabisa, hakina baba mmoja na hilo la pampu. Ni hesabu.

Baudi 115200 maana yake biti 115,200 kwa sekunde. Kila baiti inabeba biti 10 ukihesabu ya kuanza na ya kumaliza, kwa hiyo ni baiti 11,520 kwa sekunde, basi. Sasa picha yako: 6000 mm/min ni milimita 100 kwa sekunde. Ukichora mistari 10 kwa milimita, kila nukta ni 0.1 mm, yaani nukta 1,000 kwa sekunde. Picha ya kijivu inaandika mstari mmoja wa G-code (amri za mwendo; X ni mahali, S ni nguvu) kila rangi inapobadilika, kama huu:

`X12.3S450`

Herufi tisa na ya kumaliza mstari, baiti 10. Mara 1,000 ni baiti 10,000 kwa sekunde. Umeshafika ukingoni, na ikiwa koordineti zimevuka 100 (X112.3) unapata baiti 11,000. Hapo hatujahesabu muda wa Windows kushughulikia mambo yake wala wa bodi kusoma mstari na kupanga mwendo. Bodi ya biti 8 hupanga takriban miendo 15 mbele tu. Kwa nukta 1,000 kwa sekunde hiyo ni akiba ya milisekunde 15! Antivirusi ikipiga chafya, akiba imekwisha, kichwa kinafunga breki, na ukiwa kwenye M3 hapo ndipo nukta nyeusi inapozaliwa. Kwenye kukata mstari mmoja wa G-code unaweza kuwa na urefu wa sentimita kadhaa, ndiyo maana huoni kitu.

Huna haja ya kuniamini, bodi itakwambia. Andika `$10=3`, anza kuchora, kisha angalia ripoti za hali:

`<Run|MPos:41.200,18.500,0.000|Bf:14,97|FS:6000,450>`

Baada ya Bf namba ya kwanza ni nafasi TUPU za kupanga mwendo, ya pili ni baiti tupu kwenye bafa ya kupokea. Ikiwa 0 au 1, bafa imeshiba, vizuri. Ikikaa 13, 14, 15 wakati wa kazi, bodi ina njaa. Bodi za ESP32 zinaonyesha namba kubwa zaidi, soma uwiano tu. Ukimaliza rudisha `$10` kwenye namba uliyoikuta. Iandike mahali kabla hujaigusa.

Dawa kwa mpangilio ninaoupendelea: shusha kasi hadi 3000 mm/min na nguvu uipunguze kwa kujaribu kwenye kipande, usiigawe tu kwa mbili. Au panua nukta hadi 0.127 mm, ambayo ni nukta 200 kwa inchi. Kwenye plaiwudi macho hayataona tofauti, mwali wenyewe una upana wake. Au acha kijivu, tumia nukta nyeusi na nyeupe, lakini hili linasaidia tu pale picha ina maeneo makubwa ya rangi moja. Nukta zikiwa zimetawanyika kila mahali mistari ni mingi vilevile.

Kwenye mipangilio ya LaserGRBL hakikisha utumaji ni "Buffered". "Synchronous" inatuma mstari mmoja na kusubiri "ok" yake, kwa kuchora picha itakuua. Kwa kutafuta hitilafu ya baiti zinazopotea ni nzuri, kwa sababu inakuonyesha mstari uleule uliokwama.

Usijipandishie baudi kwenye programu peke yake. Upande mmoja ukisema 230400 na mwingine 115200 utaona takataka kwenye konsoli badala ya salamu.

breli_na_bodi

Kwa wa Linux, maana ushauri wote hapo juu ni wa Windows. Ubuntu 22.04: unachomeka mashine, `lsusb` inaonyesha `1a86:7523`, lakini /dev/ttyUSB0 haipo. Fungua `sudo dmesg -w` kabla ya kuchomeka. Utaona ch341 imejiunga na ttyUSB0, na punde hiyohiyo imeondolewa, pakiwa na jina brltty kwenye mstari. Hiyo ni programu ya vifaa vya maandishi ya breli. Baadhi ya vifaa hivyo vina namba ileile ya CH340, basi inaichukua leza yako ikidhani ni kifaa chake. `sudo apt remove brltty`, chomoa, chomeka. Kama kuna anayetumia breli kwenye kompyuta hiyo usiiondoe, zima tu ule mstari wa 1a86:7523 kwenye kanuni zake za udev.

Poti ikionekana lakini ruhusa imekataliwa: `sudo usermod -aG dialout $USER`, kisha utoke kwenye akaunti na kuingia upya. Kufungua terminali mpya hakutoshi.

k40_mkononi

Naomba kudandia. Yangu ni K40 ya mrija wa CO2, bodi M2 Nano. Nimeweka draiva ya CH340 kama mnavyosema, hakuna COM yoyote inayotokea. Nimechomoa na kuchomeka hadi nimechoka.

mhimili_Y

Haitatokea, na mashine yako ni nzima. M2 Nano haiongei GRBL na haina poti ya COM. Chipu yake ni ya ukoo huohuo lakini inafanya kazi kwa namna nyingine, na namba yake ni 1A86:5512, siyo 7523. Kwa K40 Whisperer (programu ya kuendesha K40) kwenye Windows unatakiwa kuibadilishia draiva kwa Zadig (programu ya kubadilisha draiva za USB): "Options", "List All Devices", chagua kifaa chenye namba hiyo 1A86 5512 (soma namba, usije ukabadilisha draiva ya mausi), weka libusb-win32. Kisha kwenye mipangilio ya K40 Whisperer jina la bodi liwe LASER-M2. Ujue kwamba programu iliyokuja na mashine itaacha kuiona hadi urudishe draiva yake. MeerK40t nayo inaijua bodi hiyo. LightBurn haiijui, usinunue leseni kwa ajili yake bila kubadilisha bodi.

Na ya ethi aliyosema mwenzetu, kwako zidisha mara kumi. Humo ndani kuna maelfu ya volti kwenda kwenye mrija. K40 bila ethi haichomekwi, na paneli ya nyuma haifunguliwi ikiwa kwenye umeme.

plaiwudi_3mm

Mrejesho. Pampu ipo soketi ya upande wa pili wa chumba, ekstensheni mpya inasoma 0.3 omu, kebo mita 1.2 yenye kipete. Kuwasha na kuzima mara ishirini, kisha ishirini tena: salamu haikujitokeza. Kata mbili za dakika 50 zimepita.

Kigugumizi: kwa 6000 Bf ilikuwa inacheza 13 hadi 15. Kwa 3000 na 0.127 inakaa 0 hadi 2, nukta nyeusi hakuna. $32 ilikuwa 0.

nukta_sifuri

Ukishaweka $32=1 fanya upya jaribio la nguvu kwenye kipande cha pembeni. Kona zilizokuwa zinaungua zitakuwa nyepesi zaidi sasa, na namba zako za zamani za S hazitakufaa.